Kusema "Mungu hakunipa kichwa cha hesabu" ni unyenyekevu au ni woga? Naomba ushauri

Karani wa Shimanzi

Bwana asifiwe wapendwa. Nina miaka 31, naishi Mikindani, Mombasa, na huu ni mwaka wa saba nikiwa karani wa ghala kule Shimanzi. Nahesabu magunia na katoni zikiingia na kutoka, natia tiki, natia sahihi, basi. Mwezi jana bosi aliniita akaniambia ofisi iko tayari kunilipia nusu ya karo nisomee kliaringi, yaani kazi ya kutoa mizigo forodhani, ili niwe natayarisha hati za mizigo mwenyewe. Ni mara ya pili kuniambia. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba hesabu si zangu, akampeleka kijana mwingine. Kijana huyo leo ndiye anayenipa maagizo.

Safari hii nilijikaza nikahudhuria jioni mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maelezo tu. Ya pili tukapewa zoezi la kukokotoa kodi ya mzigo, nikakosa. Mwalimu hakunitukana, alitia alama ya mkasi (X) kwa wino mwekundu akaendelea na wengine. Lakini ule mkasi ulinirudisha kidato cha pili, niko ubaoni na chaki mkononi, darasa zima limenikodolea macho. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata D ya hesabu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia kila mtu na alichopewa. Wiki mbili sasa sijarudi darasani.

Kinachonikosesha usingizi ni upande wa imani. Kanisani tumefundishwa kuridhika. Mamangu akiniombea huomba nipewe moyo usiotamani makubwa. Nikisema Mungu hakunipa kichwa cha hesabu najiona mnyenyekevu kabisa, lakini usiku taa ikizimwa najua kuna kitu kingine pale. Tena kuna rafiki ananitumia video za "jiamini, waweza lolote", nazo sioni Mungu ndani yake. Mkristo asimame wapi?

Upendo wa Bamburi

Funga siku tatu, mwambie Mungu akufungue akili. Nakuombea.

Mwalimu Kisauni

Ndugu yangu, ombi la dada nalitikia amina. La kuongeza ninalo, maana nimefundisha Kiswahili miaka 19 na nimeona watoto wengi wakijifunga kwa maneno yao wenyewe.

Tazama ulivyoandika: "hesabu si zangu", "hakunipa". Hizo ni sentensi zenye komeo kwa ndani. Lugha yetu ina kitu tunachokitumia kila siku bila kukiona, ile -ja- ya kukanusha. "Siwezi" imekwisha hapo hapo. "Sijaweza" inangoja. Mtu akikwambia "sijala", unajua chakula kinatarajiwa. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 2006 juu ya jambo hili: yuko anayeiona akili yake kama kipande alichokatiwa mara moja, na yuko anayeiona kama kitu kinachokua kwa mazoezi, mbinu na msaada wa wengine. Yule wa kwanza akikosa hujificha, kwa sababu kosa kwake ni hukumu juu ya yeye ni nani. Dweck huwahimiza wanafunzi waongeze "bado" kwenye "siwezi". Sisi "bado" hiyo tumeikuta ndani ya kitenzi.

Sasa hili la kila mtu na alichopewa. Soma tena Mathayo 25, mfano wa bwana aliyewakabidhi watumwa wake talanta wazifanyie biashara. Wengi husikia "talanta" wakadhani ni kipaji, maana ndivyo neno linavyotumika leo. Pale ni fedha. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku, kama unavyouona kwenye mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Piga hesabu mwenyewe: ukihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka, hiyo ni miaka 20. Aliyepewa kidogo kuliko wenzake alikabidhiwa mshahara wa miaka 20! Na bwana wake alipomwita atoe hesabu, hakusema alikuwa ameridhika na hali yake. Alisema aliogopa, ndiyo maana akafukia. Kichwa cha swali lako kimeshajibu swali lako.

Mtumishi wa Likoni

Nakubaliana na Mwalimu, ila twende polepole, maana hapa ndipo wengi huteleza. Nimekaa na vijana waliotajiwa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", wakaacha kazi, wakachukua mkopo wa biashara wasiyoijua, wakaporomoka. Halafu wakaambiwa imani yao ilikuwa haba. Iliniuma sana.

Anza mistari miwili nyuma. Paulo anaandika akiwa kifungoni, na anasema *amejifunza* kuwa radhi na hali yoyote. Kuridhika kwenyewe ni somo alilofundishwa, hakuzaliwa nalo. "Mambo yote" aliyoyaweza ni kushiba na kuona njaa, kupata na kukosa. Mtu huyu huyu, sura moja nyuma, 3:12, asema hajafika, anakaza mwendo. Kwa hiyo kuridhika na kukua havigombani. Nimeridhika na riziki ya leo, na bado nasoma usiku. Kinachogombana na kuridhika ni kijicho, na wewe sijakiona kwako, hata kwa yule kijana aliyekupita.

Na juhudi peke yake si mungu. Dweck mwenyewe amelalamika kwamba watu wamegeuza mawazo yake kuwa kusifia bidii tu, hata pale bidii haizai kitu. Ukikosa kwa njia moja mara tano, badili njia, tafuta wa kukuelekeza. Apolo alikuwa hodari wa Maandiko, mfasaha, na bado Prisila na Akila walimchukua wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, Matendo 18. Alikubali kuelekezwa na mafundi wa mahema. Wewe umemuuliza nani?

Karani wa Shimanzi

Mtumishi, swali lako limenigonga. Sijamuuliza mtu yeyote. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni nikashika matatu.

Mkongwe wa Forodha

Kijana, mimi niko kwenye kazi hii tangu hati zapigwa taipu. Mahubiri wenzangu wameyamaliza, mimi nataka kuiona hiyo karatasi. Zoezi lilisemaje na wewe uliandika nini?

Karani wa Shimanzi

Shikamoo mzee. Thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi Mombasa ni shilingi 200,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 16, ada nyingine tuliambiwa tuziache. Mimi niliandika ushuru 50,000, VAT 32,000, jumla 82,000.

Mkongwe wa Forodha

Marahaba. Basi hukukosa hesabu. Asilimia 25 ya 200,000 umeipata sawasawa. Asilimia 16 ya 200,000 ni 32,000 kweli. Ulichokosa ni *utaratibu*: VAT haipigwi kwenye thamani tupu, hupigwa kwenye thamani ikishajumlishwa na ushuru. Yaani 250,000, asilimia 16 yake ni 40,000. Jumla ni 90,000. Umepotea kwa shilingi 8,000, na umepotea kwa sababu ya kanuni ambayo hakuna anayezaliwa akiijua. Ulijihukumu kichwa kibovu kwa jambo la kuambiwa mara moja.

Nikwambie penye ugumu wa kweli katika kazi hii: ni kuuainisha mzigo, kujua msimbo wake wa tarakimu nane. Ukikosea msimbo, kiwango cha ushuru chote kimekwenda kombo, na mwenye mzigo analipia hifadhi kila siku kontena ikikaa. Hapo mtu aliyeshika katoni kwa mikono yake miaka saba, anayejua kitambaa cha pamba na cha nailoni kwa kukigusa, ana faida kubwa juu ya mtoto aliyetoka chuoni jana. Hiyo miaka ya Shimanzi ni masomo uliyokwisha kulipia.

Mama wa Kengeleni

Mwanangu, mjukuu ndiye anaandika, mimi nasema. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka 52, darasa la gumbaru, la watu wazima. Nilikuwa naishika Biblia kanisani wazi, nageuza kurasa wenzangu wakigeuza, miaka na miaka. Nikijiambia Mungu ataka moyo tu. Kweli ataka moyo, lakini mimi nilikuwa naficha aibu nyuma ya jina lake. Siku ya kwanza darasani nilishika penseli kama mwiko. Mwaka wa pili nikasoma Zaburi ya 23 mbele ya akina mama, nilikwama mara nne, hakuna aliyecheka.

Huku kwetu Frere Town, mahali walipowekwa watumwa walioachiwa huru tangu 1875, kengele ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Wazee wetu wale walitolewa majahazini bila lugha moja baina yao, wakajifunza kusoma, useremala, uashi. Na kabla yao mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akazika mke na mtoto wake mchanga upande huu wetu wa bara, na bado akakaa chini kujifunza Kiswahili, akitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Mmisionari mwanafunzi, kadhi mwalimu. Kuuliza hakumpunguzii mtu imani.

Na mamako usimbishie. Mwambie akuombee darasa.

Karani wa Shimanzi

Nimerudi jana. Nilimwambia mwalimu mbele ya wote, "hapa sijaelewa", na wawili nyuma yangu wakasema nao hawajaelewa. Mama nilimpigia simu kabla sijaingia, akaomba nikiwa nimesimama nje ya mlango. Mwalimu alitupa zoezi jipya: thamani 300,000, ushuru asilimia 35. Ushuru 105,000. VAT nikaipiga kwenye 405,000, nikapata 64,800. Jumla 169,800. Mzee, niangalilie.

Mkongwe wa Forodha

Sahihi kabisa. Sasa hii: mzigo umeuziwa kwa dola, nauli imelipwa kando, bima haijatajwa kwenye ankara. Kabla ya kugusa kikokotoo, niambie ni karatasi zipi utamwomba mwenye mzigo.