Naomba ushauri: barua za orodha zinakwama kwenye foleni ya Postfix

Wakuu, salaam. Seva ni Postfix (programu ya kutuma barua pepe) na Mailman 3 (ya kuendesha orodha za barua pepe), orodha ina wanachama kama 4,000, zaidi ya nusu wako kwenye kikoa kimoja kikubwa cha barua pepe za bure. Barua ya kawaida inafika papo hapo. Ya orodha inamfikia wa mwisho baada ya saa nzima.

Kwenye logi, delays= ina namba nne. Ya tatu (DNS, yaani kutafuta anwani ya seva, na kuunganisha) na ya nne (kutuma) hazifiki sekunde 2. Ya pili ndiyo inapaa hadi 2,900, yaani barua imekaa tu kwa qmgr (msimamizi wa foleni wa Postfix) ikingoja zamu. Kwa hiyo msinipeleke kwenye DNS. SPF, DKIM na PTR (rekodi za kuthibitisha mtumaji na seva) ziko sawa. Ukiendesha qshape active (inaonyesha foleni inayotumwa kwa kila kikoa) unakuta kikoa hicho kimejaa, vingine karibu sifuri. Seva za kikoa hicho hujibu 421 4.7.0 (kukataa kwa muda), barua inahamia deferred (foleni ya kujaribiwa tena) na kusubiri angalau sekunde 300 za minimal_backoff_time.

Nashuku VERP (kila nakala kubeba anwani ya mtumaji ya kipekee, ili barua ikirudi ijulikane ni ya nani). verp_delivery_interval ni 1, kila mpokeaji ana nakala yake, na ile 50 ya default_destination_recipient_limit (wapokeaji kwa utumaji mmoja) inabaki pambo. Nikiweka verp_delivery_interval iwe 20, yaani VERP mara moja kila barua 20, bado nitanasa anwani zilizokufa bila kuchelewa mno?

La pili: nikikitengea kikoa hicho transport (njia ya kutuma) yake kwenye master.cf (faili la huduma za Postfix), concurrency_limit (idadi ya utumaji wa wakati mmoja) ishuke kutoka 20 hadi ngapi? Rate_delay (kusubiri kati ya utumaji mmoja na mwingine) naiogopa, maana inapeleka moja moja. Walioendesha orodha za ukubwa huu, mnatumia namba gani?