Mjadala: Mashine mpya ya boti inaokoa mafuta, lakini mafuta ya nani?

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii: mvuvi wa Dar auze mashine yake ya zamani, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, anunue mpya ya mipigo minne, na mafuta atakayookoa yatamrudishia hela yake ndani ya mwaka. Wengine wanataka hata ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ielekezwe huko.

Nakubali kwamba mafuta yanaokolewa. Nisichokubali ni kudhani kwamba anayenunua mashine ndiye anayebaki na hayo mafuta.

Tuanze na mashine yenyewe. Kwenye ile ya zamani, yaani ya mipigo miwili yenye kabureta, tundu la kuingizia mchanganyiko na la kutolea moshi hukaa wazi kwa pamoja kwa muda, kwa hiyo sehemu ya petroli inatoka na moshi kabla ya kuungua. Ule utando wa rangirangi unaoelea nyuma ya boti pale soko la samaki la Feri asubuhi ni hela ya mtu. Mipigo minne ina valvu zake, petroli haitoroki hivyo, na kwa mwendo wa kati tofauti inaweza kufika theluthi au kuzidi. Nahodha akifungulia mpaka mwisho, tofauti inapungua: mashine ya zamani ya nguvu za farasi 40 hula kama lita 20 kwa saa, mpya kama 15. Na nahodha anayewahi mnada wa samaki, mnajua wenyewe anavyofungulia.

Sasa fungueni daftari la boti ya dagaa. Juu kabisa yameandikwa mauzo. Chini yake petroli, oili, barafu, chakula, ushuru, vyote vinakatwa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, na mgao uliozoeleka ni nusu kwa tajiri mwenye boti na nyavu, nusu kwa mabaharia. Petroli ikipungua, kinachobaki kinaongezeka kwa wote. Mashine, lakini, haimo kwenye makato ya juu. Tajiri anaitoa kwenye nusu yake.

Tupige hesabu kwa namba za mfano, kila mtu aweke zake. Boti inatumia lita 40 kwa safari, mashine mpya inaokoa robo, yaani lita 10. Petroli tuichukulie Sh 3,000 kwa lita, safari 20 kwa mwezi maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi inawaweka watu pwani. Kinachookolewa ni Sh 600,000. Kama mashine imenunuliwa kwa milioni 12, inajilipa kwa miezi 20. Hiyo ndiyo hesabu inayozungushwa na wanaouza. Mkishafika kwenye mgao, tajiri anabaki na 300,000, na miezi inakuwa 40. Zaidi ya miaka 3, kwenye maji ya chumvi, bila kuhesabu riba wala siku za kusi kali ambazo boti haitoki.

Mtu atasema mabaharia nao wanastahili. Wanastahili sana, na mimi nafurahi wakipata. Lakini basi tajiri asiambiwe kwamba mwaka mmoja unatosha, akaenda kuweka hati ya nyumba ya familia Kigamboni kwa ajili ya mkopo.

Wa boti za abiria za kwenda Mbudya na Bongoyo hesabu yao ni nyingine. Nauli ni yao, petroli ni yao, kila lita iliyookolewa inabaki mfukoni mwao. Shida yao ni kwamba safari ni fupi, kwa hiyo lita zenyewe ni chache. Kwao nadhani faida kubwa ni ukimya na kutokuwepo moshi, kwa sababu abiria anachagua boti kwa macho na masikio.

Kuna jambo la fundi pia. Mashine ya zamani, fundi yeyote wa ufukweni anaifungua kwa spana na plagi mpya, na spea zimejaa. Nyingi za mipigo minne za siku hizi zinaongozwa kwa kompyuta, hazivumilii petroli ya dumu lililoingia maji, na ni nzito zaidi kwenye tezi la chombo chembamba. Ikikuzimikia nje ya Kimbiji usiku, lita ulizookoa hazikusaidii.

Kabla ya kukopa, naomba sana wenye boti wajaribu ya bei nafuu. Punguzeni mwendo kwa sehemu moja ya kumi mnapokwenda, mnada ukiwa bado mbali: matumizi yanaweza kushuka kwa sehemu moja ya tano, kwa sababu ukinzani wa maji unaongezeka haraka kuliko kasi ya chombo. Kwangueni majani na makome chini ya boti. Badilisheni pangaboi lililopinda au lisilolingana na mzigo. Haya yanafanya kazi hata kwa mashine kuukuu.

Kuhusu asilimia 10, hapa natofautiana na wanaopinga moja kwa moja. Kikundi cha vijana wavuvi wanaomiliki boti kwa pamoja na kuivua wenyewe hakina tajiri pembeni. Akiba yote inabaki kwao, na hesabu ya miezi 20 inakuwa ya kweli. Hao wakopeshwe, ila mkopo uwe na spea na mafunzo ya fundi mmoja wa kikundi, na marejesho yafuate mwezi wa dagaa, si kalenda ya ofisini.

Ningependa kusikia kutoka Kunduchi na Msasani: kuna boti ambako tajiri na mabaharia wamekubaliana mashine ikatwe juu pamoja na petroli mpaka deni liishe? Mlikata kiasi gani kwa safari, na mabaharia walibaki au walihama boti?