Kundi la Familia: ile picha ya binti wa Iran

Mama Mkubwa: *Umesambazwa mara nyingi.* OMBEENI binti huyu wa Iran aliyempokea Yesu 🙏 Waislamu wanamwinda, kajificha. Jina na picha yake hapa chini. Tuma kwa watu 20 kabla ya usiku wa leo!

Mama Mkubwa: 📷 Picha

Shangazi Rehema: Amina 🙏🙏

Baraka: Mungu wangu, ni mdogo kuliko mimi

Mjomba Elia: Dada, shikamoo. Naomba uifute hiyo picha. Ufute kwa wote, sasa hivi.

Mama Mkubwa: Marahaba. Nifute kwa nini? Tunamwombea mtoto wa watu.

Mjomba Elia: Amejificha, si ndivyo ulivyoandikiwa? Sasa sisi tunatembeza sura yake na jina lake. Watu 20, kila mmoja na 20 wake.

Baraka: 400. Raundi ya tatu 8,000 😳

Mama Mkubwa: 🚫 *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Mkubwa: Haya. Ila nilishaituma kwa kwaya na kundi la akina mama.

Mjomba Elia: Na huko pia dada, tafadhali. Nisamehe ukali. Enzi zile nasaidia wakimbizi kujaza fomu nilikutana na kijana ambaye kwao walimjua kwa picha ya ubatizo. Aliyeiweka mtandaoni ni rafiki yake, kwa furaha tu.

Shangazi Rehema: Mbona nasikia Iran makanisa yapo?

Mjomba Elia: Yapo. Katiba yao, ibara ya 13, inawatambua Wakristo, Wayahudi na Wazoroasta, wale wa dini ya kale ya Iran. Lakini Wakristo wenyewe ni Waarmenia na Waashuri, waliozaliwa ndani ya Ukristo. Aliyetoka kwenye Uislamu hayumo. Huyo anasali sebuleni kwa mtu, mapazia yameshushwa. Akikamatwa, mara nyingi hata shtaka halitaji dini, wanasema amehatarisha usalama wa taifa.

Baraka: Na yule mchungaji wa kunyongwa? Si dunia ilipiga kelele akatoka?

Mjomba Elia: Youcef Nadarkhani. Alikamatwa 2009, akahukumiwa kifo 2010, mwaka 2012 wakamfutia shtaka la kuritadi, yaani kuuacha Uislamu, akatoka. 2018 wakamrudisha ndani kwa mashtaka mengine.

Baraka: Basi kelele zinasaidia, Mjomba. Unatunyamazisha bure

Mjomba Elia: Yule serikali ilikuwa naye mkononi, jina lake si siri tena. Aliye gerezani huenda akataka atajwe kila siku ili wasimsahau. Aliyejificha, kumtaja ni kumtoa mafichoni. Na hata wa gerezani, anayeamua ni yeye na familia yake na wakili wake. Si sisi na simu zetu.

Mama Mkubwa: Kama yule mama wa Sudan aliyebadili dini, akajifungua na minyororo miguuni. Niliomba hadi nikalia.

Mjomba Elia: Meriam Ibrahim, 2014. Ila yeye alisema hakubadili chochote, mama yake alimlea Mkristo. Mahakama ikahesabu dini ya baba. Sudan waliifuta adhabu ya kifo kwa kuritadi mwaka 2020.

Shemeji Salim: Asalaam aleikum. Niseme kidogo?

Shangazi Rehema: Sema shemeji, hili kundi ni lako pia

Shemeji Salim: Ujumbe ulisema "Waislamu wanamwinda". Mimi ni Mwislamu na nipo humu nakula chipsi zangu, simwindi mtu 😄

Mama Mkubwa: Uuuwi. Shemeji nisamehe, sikuandika mimi.

Shemeji Salim: Najua. Na sitaficha: wanazuoni wengi wa zamani waliandika kwamba anayeritadi auawe. Lakini mimi pia nasoma Qur'ani, Al-Baqara 256, hapana kulazimisha katika dini, na wapo wanazuoni leo wanaoishikilia hiyo. Tamko la haki za binadamu la 1948, kifungu cha 18, kilipotaja uhuru wa kubadili dini, Saudia haikupiga kura. Pakistan ilikubali, na waziri wao Zafrulla Khan alikitetea kwa Qur'ani.

Shemeji Salim: Zafrulla mwenyewe alikuwa Ahmadiya, kundi linalojiita la Kiislamu lakini Waislamu wengi hawalikubali. Mwaka 1974 Pakistan hiyo hiyo ikasema Waahmadiya si Waislamu. Makubwa haya.

Baraka: Aisee

Shangazi Rehema: Sasa sisi tufanye nini? Maana kuna yule kijana anayekaa benchi la nyuma...

Mjomba Elia: Usimwelezee humu.

Shangazi Rehema: Ooh. Sawa.

Mjomba Elia: Niseme kwa ujumla. Mtu kama huyo huenda kapoteza urithi, ndoa imevunjwa, watoto wamebaki kwa ndugu. Anafika kanisani Jumapili ya kwanza, tunampa maikrofoni atoe ushuhuda! Na kila mtu anarekodi. Mwacheni akae. Akiwa anaomba hifadhi, mkataba wa wakimbizi wa 1951 unataja dini, kwa hiyo ana haki ya kusikilizwa. Atahojiwa, wengine huulizwa hadi maswali ya Biblia. Hapo mtu wa kumsindikiza ni msaada mkubwa. Na mchungaji aandike barua ya kweli: huja tangu lini, hufanya nini. Asimpambe. Barua yenye chumvi ikigundulika, wanaomfuata nao hawaaminiwi.

Baraka: Na kama hana kesi yoyote? Yupo yupo tu

Shemeji Salim: Siku ya Idi mpigieni simu. Mkaeni naye. Krismasi mtamkumbuka wote, lakini Idi ndiyo siku atakayomuwaza mama yake.

Shangazi Rehema: 😢 Hilo sikulifikiria kabisa

Mjomba Elia: Wala mimi, miaka yote ile.

Mama Mkubwa: Kwaya wamefuta. Akina mama, wawili walishaiweka stetasi. Mmoja hapokei simu.

Mjomba Elia: Endelea kupiga dada.

Mama Mkubwa: Napiga.