Ukoo wa Mzee wa Boda (wanachama 23)

JUMATATU

Shangazi Mwajuma 06:12
Assalaam alaykum wote. Wanaokwenda Julai waandike majina HAPA leo, si kesho. Kwa baiskeli, Passau ya Ujerumani hadi Vienna ya Austria, kilomita kama 320, tunafuata mto Danube mwanzo mwisho. Siku nane za kukanyaga, mbili za kupumzika.

Shangazi Mwajuma 06:13
1. Mwajuma
2.
3.
4.

Hamisi Fundi 06:40
2. Hamisi
Wa alaykum salaam Shangazi. 320 ni kama kutoka Busia mpaka Kampala halafu ugeuze urudi hadi Iganga 🙆🏾

Shangazi Mwajuma 06:41
Bila vumbi na bila malori.

Shangazi Mwajuma 11:05
Tiki za bluu nimehesabu 19. Mmesoma mkanyamaza.

Baba Mkubwa Rama 13:22
Tumepokea.

Shangazi Mwajuma 13:22
Kaka, umepokea nini? Nimeuliza unakwenda au huendi.

Baba Mkubwa Rama 17:50
📷 Picha
Rolex ya Mbale hii. Mayai mawili, nyanya, chapati bado inafuka moshi.

Hamisi Fundi 17:51
Mzee hiyo si chakula, hiyo ni ajali 😂

Shangazi Mwajuma 17:53
JAMANI. VIZA.

Salma Linz 20:15
Samahani, ndio natoka kazini. Shikamooni wakubwa.
Watu wengi huanzia Passau kwa sababu maji yanashuka kuelekea Vienna, na upepo mara nyingi unatoka magharibi, kwa hiyo unakusukuma mgongoni. Karibu njia yote ni lami, na sehemu kubwa haina magari kabisa. Pale Passau mito mitatu inakutana, Danube, Inn na Ilz, na ukisimama ncha ya mji unaona maji yana rangi tofauti kabla hayajachanganyika. Mbele kidogo kuna Schlögen, hapo mto unajikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Unavuka kwa kivuko kidogo, wewe na baiskeli yako.

Hamisi Fundi 20:17
Kivuko? Na Shangazi? Baada ya yale ya ziwani Majanji?

Zaituni 20:17
NDOO 😂😂😂😂

Hamisi Fundi 20:18
"Nirudisheni, nitatembea kwa miguu"

Shangazi Mwajuma 20:20
Majanji msiiguse. Salma endelea.

Salma Linz 20:26
Baada ya hapa kwetu Linz mnapita Mauthausen. Palikuwa na kambi ya Wanazi, wafungwa walibebeshwa mawe kutoka machimboni kupanda ngazi 186. Hapo tutateremka kwenye baiskeli, hatupiti tunapiga kelele. Halafu kutoka Melk hadi Krems ndiyo Wachau, mashamba ya zabibu kwenye vilima na miti ya aprikoti mpaka barabarani. Julai ndio zinaiva.

Baba Mkubwa Rama 20:31
Zabibu za kula au za kunywa?

Salma Linz 20:32
Nyingi za kunywa, Baba Mkubwa 🙈 Na polisi huku wanampima mlevi hata akiwa juu ya baiskeli.

Shangazi Mwajuma 20:32
Kaka, wewe utakula aprikoti.

JUMANNE

Shangazi Mwajuma 05:58
Haya. Siku nyingi tutalala Austria, kwa hiyo viza tunaomba ya Austria japo tunaanzia Ujerumani. Ada yuro 90 kwa mtu mzima, karibu laki nne. Bima ya afya isiyopungua yuro 30,000. Taarifa ya benki. Mahali pa kulala pameandikwa usiku kwa usiku. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla, mwisho siku 15 kabla, na foleni ya miadi haimjui mtu. Pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya kutoka huko. Kadi ya homa ya manjano msisahau, Entebbe wanaweza kuiuliza.

Shangazi Mwajuma 05:59
Laki tano ya kuanzia inifikie kwa simu kabla ya Ijumaa.

Mama Sauda 09:14
Nani ana namba ya yule mtu wa gesi?

Zaituni 09:20
Nakutumia pembeni mama.

Baba Mkubwa Rama 12:40
Pasipoti yangu nimeiona. Kwenye picha nina nywele.

Shangazi Mwajuma 12:41
Kaka hiyo ni ile ya zamani, ilishaondolewa. Inatakiwa ya kielektroniki ya Afrika Mashariki. Nenda ukaombe WIKI HII.

Baba Mkubwa Rama 12:55
Hata huyu wa kwenye picha alikuwa anaweza kupanda baiskeli. Mimi wa sasa sijui.

Hamisi Fundi 13:02
Baba, mazoezi Jumamosi, Jinja hadi Bujagali taratibu. Nitakupa ya siti pana. Ila wote mjue kule wanaendesha kulia. Ukitoka kwenye kona na akili ya Uganda umekwisha.

Ba' Mdogo Abdu 15:37
Nimekuwa nasoma tu. Baiskeli mtabeba kwenye ndege?

Shangazi Mwajuma 15:39
Tunakodi Passau tunarudisha Vienna. Salma ameshauliza.

Ba' Mdogo Abdu 15:48
Mimi naona ni kuchoma pesa. Ulipe nauli ya ndege uende kukanyaga pedali? Mzee alikanyaga ili sisi tusikanyage.

Shangazi Mwajuma 15:49
Ni kweli alikanyaga. Na baiskeli yake iko wapi, Abdu?

Ba' Mdogo Abdu 15:52
Tumeanza.

Shangazi Mwajuma 15:52
Nimeuliza tu.

Ba' Mdogo Abdu 15:55
Wakati ule mlikuwa wapi? Nani alikuwa hospitali na Mzee usiku na mchana? Mimi. Kila mtu "nitatuma, nitatuma."

Shangazi Mwajuma 15:56
Nilituma.

Ba' Mdogo Abdu 15:56
Baada ya arobaini.

*Ujumbe huu umefutwa*

*Ba' Mdogo Abdu ameondoka*

*Shangazi Mwajuma amemwongeza Ba' Mdogo Abdu*

Hamisi Fundi 16:10
Kwa wanaouliza, baiskeli za kukodi zina gia za kutosha na breki nzuri 😅

Hakuna aliyeuliza, najua.

Zaituni 19:28
Bibi ameomba nimsomee yote tangu jana. Nimemsomea. Mpaka ya ndoo.

Zaituni 19:31
🎤 Ujumbe wa sauti 2:41

Salma Linz 19:33
Niko kwenye treni siwezi kusikiliza. Zai niandikie tafadhali.

Zaituni 19:52
Bibi anasema hivi, naandika alivyosema:

"Nyinyi mnabishana habari ya kukanyaga. Baba yenu alikuwa anasimama pale mpakani, watu wanashuka upande wa kule na mizigo yao, yeye anaita boda, boda, anawavusha upande wa huku. Kwenye kariya nilimwekea mto wa sponji, nikaufunika kwa kipande cha kanga yangu nyekundu. Kengele ilikuwa imepoteza kifuniko chake, kwa hiyo akawa anapiga mluzi. Mpaka leo mtu akipita barabarani anapiga mluzi, naangalia kwanza sufuria kama chakula kimeiva.

Nendeni huko kwenye mto wenu, sikuwazuia. Lakini Abdu anajua baiskeli iko kwa nani. Iegemezwe hapa kwenye mwembe kabla mtu hajapanda ndege. Na wewe Mwajuma, unaongea sana. Nimemaliza."

Baba Mkubwa Rama 21:50
Tumekusikia, Mama.

Shangazi Mwajuma 22:04
Tumesikia Mama.

Ba' Mdogo Abdu 23:48
Nimesikia Mama.

ALHAMISI

Shangazi Mwajuma 06:30
Assalaam alaykum. Jana sikuandika chochote, mmeona. Leo naandika kidogo. Kesho ni Ijumaa.

Hamisi Fundi 07:15
Nimetuma laki mbili Shangazi, nyingine nikimaliza kazi ya tairi za watu wa shule.

Shangazi Mwajuma 07:16
Nimeona. Allah akuzidishie. Salma, usilipie bado mahali pa kulala, subiri nijue tuko wangapi.

Salma Linz 12:10
Shangazi, Julai panajaa haraka, hasa Wachau. Naweza kushika vyumba vitatu mpaka Jumatatu, zaidi ya hapo watavitoa.

Shangazi Mwajuma 12:12
Shika vitatu.

Baba Mkubwa Rama 16:44
Nimetoka kupiga picha ya pasipoti. Sina nywele.

Ba' Mdogo Abdu 20:21
Hamisi, rimu za 28 bado zinapatikana huko Jinja?

Hamisi Fundi 20:22
Za 28 zipo Ba' Mdogo. Ya mbele au ya nyuma?

Ba' Mdogo Abdu 20:30
Zote mbili. Yule bwana alikuwa anabebea mkaa. Fremu ni nzima. Anataka pesa zaidi ya niliyompa mimi.

Hamisi Fundi 20:31
Na kariya?

Ba' Mdogo Abdu 20:40
Ipo. Mto haupo.

Shangazi Mwajuma anaandika...

Shangazi Mwajuma 20:58
Anataka ngapi?

Mama Sauda 21:15
3. Sauda

Shangazi Mwajuma 21:15
MashaAllah Mama Sauda!! Na pasipoti unayo?

Mama Sauda 21:47
Pasipoti ya nini tena? Mimi nilidhani ni orodha ya gesi.