Msaada: natafsiri hesabu za kampuni ya Lithuania kwenda Kiingereza, maneno yananichanganya

BintiVilnius: Wakuu habari zenu. Niko huku Vilnius, nimepewa hesabu za mwaka za UAB (kampuni binafsi, kama Ltd) moja ya mbao nizitafsiri kwenda Kiingereza, wenyewe wanazipeleka benki ya nje kuombea mkopo. Kilithuania cha mtaani nakimudu ila hiki cha wahasibu kinanitoa jasho. Mfano "sąnaudos" na "išlaidos", dikshenari yangu inasema zote ni "expenses". Na "savikaina" inanipa "cost price" lakini kwenye taarifa ya faida na hasara naona haikai kabisa. Halafu kuna "privalomasis rezervas". Mwenye uzoefu anisaidie jamani, huu ni mkopo wa watu sitaki kubahatisha.

Mzee wa Mizania: Dada hapo kwenye sąnaudos na išlaidos umegusa penyewe. Išlaidos ni hela kutoka. Sąnaudos ni kile kilichotumika kuleta mapato ya kipindi hicho hata kama hakuna senti iliyotoka mfukoni, ndo maana uchakavu wa zile mashine za kupasulia mbao utaukuta umeandikwa "nusidėvėjimo sąnaudos", huwezi kukuta išlaidos hapo. Kwahiyo sąnaudos weka "expenses", išlaidos weka "expenditure", na usizibadilishe badilishe njiani maana afisa mikopo macho yake yanaanzia hapo hapo. Savikaina cheki vizuri, kwenye ile taarifa bila shaka imeandikwa "pardavimo savikaina", hiyo ni "cost of sales".

Kaunas254: Privalomasis rezervas ni "legal reserve". Sheria ya makampuni ya huko inataka watenge kiasi kwenye faida mpaka kifike moja ya kumi ya mtaji. Ukiandika "compulsory reserves" watu wa benki watafikiria zile pesa wanazoweka wao benki kuu.

mama_Rehema: Nafuatilia hapa

Mkalimani Huru: Dikshenari weka pembeni dada yangu, ingia EUR-Lex, ile tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya. Lithuania iko Umoja wa Ulaya tangu 2004 kwahiyo sheria za umoja utazipata kwa lugha zote mbili, fungua ile 2013/34/EU ya hesabu za makampuni, weka Kilithuania upande huu na Kiingereza upande ule usome mstari kwa mstari. Ila kabla ya yote soma "aiškinamasis raštas" (yale maelezo yanayoambatana na hesabu) ujue wametumia IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu, Walithuania wanaviita TFAS, au viwango vya nyumbani. Mfano "ilgalaikis turtas", mali za kudumu za kampuni, kwenye IFRS ni "non-current assets", ile sheria inasema "fixed assets". Muulize mhasibu wao wanapenda ipi, ukishaanza nayo ndo hiyo hiyo mpaka mwisho.

BintiVilnius: Asanteni sana, nimeshaangalia ni viwango vya nyumbani. Na tarakimu je? Wameandika 1 250,40

Mzee wa Mizania: Badilisha zote, iwe 1,250.40. Lakini jina la kampuni na hiyo UAB yake usiguse, usiweke Ltd, benki watalitafuta kwenye rejista kwa jina hilo hilo.