Mdimu umefunikwa na tandabui: nipige dawa au niwaache buibui?

MwanaShela
Asalaam aleikum wenzangu. Uani kwetu hapa Shela, Lamu, kuna mdimu alioupanda marehemu babu. Tangu kuingia kaskazi, matawi ya upande wa ukuta yamejaa tandabui. Kila utando umetandwa kama chandarua, umeinuka katikati kama hema, na nyuzi tele juu yake. Buibui mwenyewe amejikunja, utadhani jani kavu. Jirani ashauri dawa. Mama hataki kusikia: buibui ndiye aliyetanda mlangoni mwa pango alimojificha Mtume na Abubakar. Nami naona majani yageuka manjano. Nifanyeje?

Mkulima wa Hindi
Waaleikum salaam. Gusa utando kwa kidole. Unanata?

MwanaShela
Haunati kabisa. Umebonyea, kisha ukarudi.

Mkulima wa Hindi
Basi huyo ni Cyrtophora citricola. Jina la citricola alipewa na mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål, likachapishwa 1775; citricola ni kusema mkazi wa michungwa na jamaa zake. Buibui wengi wa tando za duara hutia gundi na kutanda upya karibu kila siku. Huyu hana gundi. Mdudu akiruka hugonga zile nyuzi za juu, huangukia chandarua, naye yuko chini yake anangoja. Utando wa kazi kubwa hivyo hautupi, huutia viraka. Ndiyo maana hujengeana: nyuzi za mmoja hushika hema la mwenzake, lakini kila mtu na chandarua chake.

BintiMalindi
Dada, tazama juu ya kitovu cha utando. Ukiona vijifuko vimepangana wima kama shanga, ni mayai. Jike ana kama milimita 10, dume 3 tu, na mara nyingi huliwa wakishapandana. Vile vidogo vya rangi ya fedha si wanawe: ni Argyrodes, buibui wezi wa mawindo.

Mkulima wa Hindi
Buibui hali majani, ila tando zikizidi hukinga jua. Usipige dawa, utaua nyuki wa maua ya ndimu. Chukua ufito, zungusha tando polepole, uwahamishie vichakani. Kisha geuza majani utafute wadudu mafuta. Kama hakuna, mti una kiu. Mchanga wa Shela haushiki maji. Mwagia jioni, utie samadi ya punda iliyooza.

MwanaShela
Wadudu hakuna, na shinani pakavu kama unga. Samadi ya punda hapa haikosi. Mama amekubali, ataka kushika ufito mwenyewe. Utando wa kwanza una vijifuko vitano.