Naomba ushauri: maigizo yanarukwa kwenye vipindi vya kinga ya dawa za kulevya

Walimu wenzangu, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa malezi, sekondari ya kutwa. Kidato cha Pili tunafundisha kinga dhidi ya bangi, pombe na ugoro kwa mwongozo uliotokana na Unplugged, programu ya kinga ya shuleni kutoka Ulaya, ile ya vipindi 12. Kiini chake ni mazoezi: kuigiza jinsi ya kumkatalia rafiki, kujadiliana kwenye vikundi, kuhoji kama kweli "kila mtu anavuta". Walimu wa madarasa wanayaruka. Wanataja madhara ya bangi, wanatisha kidogo, kengele inagongwa. Fomu inarudi imeandikwa "kimekamilika".

Siwalaumu sana, darasa lina wanafunzi 70 na mtihani wa taifa uko mlangoni. Lakini kuhubiri tu hakutoshi. D.A.R.E., programu ya Marekani ya kinga ya dawa za kulevya shuleni, iliyoanzia Los Angeles mwaka 1983 ikifundishwa na polisi, tafiti nyingi ziliikuta ikipunguza matumizi kidogo mno.

Nimejaribu kukaa nyuma ya darasa: siku hiyo mwongozo unafuatwa wote, nisipokuwepo hali ni ile ile. Semina fupi nayo tulifanya, wakaigiza vizuri tu (mwalimu wa hesabu ni mchekeshaji hasa), kisha darasani kimya.

Mnajuaje kilichofundishwa kweli bila mwalimu kuona anakaguliwa? Nimefikiria kuwauliza wanafunzi wenyewe, ila naogopa itaonekana umbea. Na muda ukibana, mnapunguza nini ili mazoezi ya kukataa yabaki?